Mama husimama kila anapoulizwa jambo njiani: je, miguu na fikira vyaweza kufunzwa pamoja?

Mwalimu wa Langoni

Assalamu alaykum. Nina swali kuhusu mama yangu mzazi, na naomba mnivumilie nikilieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu kila nilipolieleza kwa ufupi kwa watu wa nyumbani nilijibiwa neno moja tu, uzee, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mama ana umri wa miaka 76. Amezaliwa hapa Lamu, hajapata kuishi kwingine, na vichochoro vya mji huu avijua kuliko mimi. Tangu mfungo sita, baada tu ya Maulidi, ameanguka mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa usiku, kwenye kizingiti cha choo. Mara ya pili alikuwa akishuka dakani huku amebeba sinia la mahamri. Hizo mbili tulizipatia sababu upesi, giza na sinia, tukaendelea na mambo yetu. Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike.

Tulikuwa tukirudi kutoka kwenye hitima Mkomani. Akatokea punda aliyebebeshwa mifuko ya saruji, nasi tukajibana ukutani kama ilivyo ada, na papo hapo jirani aliyekuwa ameketi barazani akamwuliza mama kisomo cha arubaini kitaangukia siku gani. Mama akaanza kuhesabu kwa vidole, na kabla hajafika popote mguu wake ukakosa ukingo wa mtaro, akaenda chini kwa ubavu. Alhamdulillahi hakuvunjika mfupa. Alichubuka kiwiko, na nyonga ikawa na uvimbe uliokaa wiki mbili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtazama kwa makini. Anapotembea kimya, hatua zake hazina kasoro ninayoweza kuiona. Nikimwuliza jambo jepesi, kama vile anataka maji, hujibu huku akiendelea kutembea. Lakini nikimwuliza jambo la kufikiri, husimama kabisa, hujibu vizuri, kisha huendelea na safari. Nikimhimiza ajibu bila kusimama, hatua hufupika na mwili huanza kuelekea ukutani.

Nimesoma mahali kwamba yapo mazoezi yanayochanganya kusimama imara na kufikiri kwa wakati mmoja, na kwamba huko ng'ambo hufanywa kwa mashine za kutembelea zenye skrini mbele yake. Sisi hatuna mashine, tuna nyumba yenye ngazi refu na kiwanda kidogo cha wazi, yaani ua wa ndani, katikati yake. Je, mazoezi hayo yana maana yoyote yakifanywa nyumbani? Au jambo la busara ni kumnyamazia tu awapo njiani na kuwaomba majirani nao wafanye vivyo hivyo? Mke wangu ana rai hii ya pili, na sina hoja ya kumjibu.

Tabibu wa Viungo, Malindi

Wa alaykumu salaam, Mwalimu, na mpe mama pole zetu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wengi wa wagonjwa wangu ni watu wa umri wa mamako. Nitaanza na ulichokiona, kwa sababu umekiona vizuri kuliko baadhi yetu tunaolipwa kwa kazi hiyo.

Mwaka 1997 watafiti wa Uswidi walichapisha katika jarida la The Lancet jaribio lisilohitaji chombo chochote. Walitembea na wazee 58 waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee, na katikati ya matembezi wakaanzisha mazungumzo. Wazee 12 walisimama ili wapate kujibu. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Miongoni mwa wale walioendelea kutembea huku wakizungumza, walio wengi hawakuanguka, ingawa wapo walioanguka pia, kwa hiyo kutosimama si hirizi. Hata hivyo kusimama kwa mamako ni habari ya kuzingatiwa.

Sababu yake ni hii. Kijana hutembea kama anavyopumua, bila kuangalia anafanyaje, kwa kuwa macho, sikio la ndani na nyayo humletea ubongo habari kamili za mwili ulivyo na ardhi ilivyo. Kadiri umri unavyosonga, habari hizo hufika zikiwa hafifu na zimechelewa, na ubongo hulazimika kuzisimamia hatua mojamoja, kwa kutumia sehemu ileile ya mbele inayohesabu, inayopanga, inayogawa usikivu na inayozuia pupa. Mfuko ni mmoja na wanunuzi ni wawili. Siku ile kichochoroni wanunuzi walikuwa watatu: punda, arubaini na ukingo wa mtaro, na aliyekosa fedha akawa ni mguu.

Mamako anaposimama ili ajibu, anafanya la hekima bila kujua, kwa sababu anaipa miguu haki yake kwanza. Mimi humwogopea zaidi mzee anayeendelea kukujibu kwa ufasaha huku hatua zinamharibikia wala hana habari.

Sasa, kabla ya zoezi lolote, kuna mambo ambayo hayatibiwi kwa mazoezi. Mpeleke apimwe presha akiwa amelala, kisha apimwe tena anaposimama, baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Ikiwa ile namba ya juu itashuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, basi maanguko yake, hasa lile la usiku chooni, huenda yana mzizi wake hapo. Beba dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na zile za kununua dukani bila karatasi ya daktari, kwa kuwa dawa za usingizi na baadhi ya dawa za mafua na mzio humwacha mzee akiwa na uzito wa kichwa mpaka asubuhi. Apimwe sukari, na aguswe nyayo kujua kama zina ganzi. Macho nayo yaangaliwe, kwani mtoto wa jicho huondolewa, na mwenye mtoto wa jicho hawezi kuuona ukingo wa kipandio cha chokaa penye mwanga mkali hata umfunze mwaka mzima. Na kama aliwahi kuzirai, au kugonga kichwa, au upande mmoja wa mwili kulegea, au kuanza kuchanganyikiwa kwa ghafla, hilo si la kuandikiana hapa bali ni la daktari siku hiyohiyo.

Akishaangaliwa, yafaa afunzwe, na nyumbani panatosha. Mpangilio ninaoufuata ni kuifunza miguu kwanza, kisha kuitia fikira juu yake, kidogo kidogo. Msimamishe kwenye pembe ya chumba, mgongo ukielekea pembeni na kiti kizito mbele yake, ili kila upande apatapo kuyumba pawe na cha kumpokea. Aanze kwa kusimama nyayo zikiwa zimegusana. Akiweza sekunde 10 bila kushika, asogeze unyayo mmoja nusu mbele ya mwenzake. Akiliweza na hilo, kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mwingine. Mwisho ni mguu mmoja. Hapo kwa kisigino na vidole ndipo wengi hukwama, na mzee asiyefika sekunde 10 katika mkao huo huhesabiwa kuwa yu karibu na kuanguka. Kando ya hayo, ainuke kitini na kuketi mara tano mpaka kumi, kwa mikono mwanzoni na baadaye bila mikono, anyanyue visigino akiwa ameshika meza, na atembee kiubavu kufuata ukuta.

Yale yanapokuwa mepesi, na si kabla, ndipo unapompa kazi ya akili. Akiwa amesimama kisigino kwa vidole, ataje samaki wote anaowajua. Akitembea kiubavu, ataje siku za wiki kinyumenyume kutoka Ijumaa. Weka ndoo mbili katika kile kiwanda, umbali wa hatua nne, azizunguke kwa kufuata umbo la namba nane huku akitoa tatu tatu kutoka 50. Mchezo wa watoto wa «nyama, nyama, nyama» nao ni dawa nisiyoibadilisha kwa mashine: wewe utaje viumbe, na yeye apige hatua mbele kwa kila anayeliwa, kisha umtajie ghafla paka, naye asipige. Kule kujizuia ndiko kunakofunzwa. Wapo wazee wanaoanguka kwa hatua ambayo haikupaswa kupigwa.

Wewe simama ubavuni mwake, nyuma kidogo, na umfunge kikoi kiunoni kwa fundo madhubuti ili upate mahali pa kumkamatia. Usimshike mkono, kwa sababu ukimshika mkono unamwibia ile mizani unayotaka aipate.

Binti wa Shela

Nimesoma maelezo ya Tabibu na nakubaliana nayo, lakini naomba niongeze onyo ambalo nililipata kwa gharama ambayo hainitoki moyoni.

Marehemu baba yangu alikuwa nahodha, na alianza kuyumba akiwa na miaka 79. Nami nilisikia habari hizi za kuchanganya kufikiri na kutembea, nikazipenda kupita kiasi. Siku moja alikuwa akipanda ngazi kwenda darini, ngazi zetu hizi za Lamu zisizo na usawa, moja shibiri na nyingine karibu dhiraa, nami nikamwambia kutoka chini anitajie bandari kutoka Kiwayu mpaka Unguja. Nilidhani namfanyia mazoezi. Alifika Kipini. Nilimsikia akisema «Kipini», kisha nikasikia kofia ikigonga ukuta kabla yake. Alivunjika kifundo cha mkono, na kwa miezi miwili hakuweza kujimiminia chai.

Kosa lilikuwa langu, wala sikuwahi kumwachia yeye alibebe. Kwa hiyo Mwalimu, tofautisha mahali pa kufunzia na mahali pa kupita. Rai ya mkeo si ya kutupwa. Ngazini, kizingitini, penye mtaro na penye punda, mama anyamaziwe, na mtu akimwuliza jambo, asimame kwanza aegemee ukuta ndipo ajibu. Mazoezi yafanyike penye sakafu sawa, mchana, wewe ukiwa karibu. Sisi tulichanganya viwili hivyo.

La pili ni heshima. Baba alikataa katakata kuhesabu kinyumenyume. Aliniambia, «Mimi nimeongoza jahazi kwa nyota, wewe waniuliza tatu tatu?» Mkono ulipopona tukabadilisha. Nilimwomba anifundishe mimi, anitajie pepo na misimu yake, kaskazi huanza lini na kusi lini, na matanga hupangwaje, huku akizunguka zile ndoo. Alizunguka nusu saa bila kuombwa. Kuna siku alinikatiza kwa hasira kwa kuwa nilikosea kutaja kamba, na alikuwa amesimama mguu mmoja wakati huo, na hakuna kati yetu aliyeliona mpaka baadaye.

Na buibui la mama lipunguzwe pindo. Nimeona wengi wakisaka sababu kubwa ilhali pindo linakanyagwa. Ndara za mpira zilizolegea nazo, tafadhali, zitupwe baharini, au afadhali jaani.

Mzee wa Mkomani

Nina miaka 71, nimeanguka mara mbili, na nimesoma haya yote yakiandikwa juu yetu kana kwamba hatumo. Sikasiriki, lakini naomba kusikizwa.

Jambo ambalo hamjalitaja ni hofu. Baada ya kuanguka mara ya pili niliacha kwenda baharini jioni, kisha nikaacha msikiti wa mbali nikabaki na wa karibu, kisha nikaanza kuswali kwenye kiti ingawa magoti yangu yanaweza kusujudu. Hakuna aliyenikataza. Kila nilichokiacha, miguu ilikisahau, na nilipojaribu kukirudia baada ya miezi nilikuta kweli siwezi, nikasema, ala, kumbe niliogopa kwa haki. Watoto wangu walinisaidia kwa kuniletea kila kitu nilipoketi, Mungu awalipe, na msaada ule nusura uniue.

Kwa Mwalimu nasema: mama asinyang'anywe safari zake. Na kwa Tabibu nina maswali mawili. La kwanza, huku kusimama ili kujibu ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau? Maana hilo ndilo tunaloliogopa kuliko nyonga, na hakuna anayetuuliza. La pili, nimecheza bao barazani tangu ujana na bado nawafunga vijana. Ikiwa akili ndiyo inayotuangusha, mbona bao halikunizuia kuanguka?

Tabibu wa Viungo, Malindi

Shikamoo, Mzee. Umenikosoa kwa haki.

Swali la kwanza: kusimama ili kujibu peke yake si ugonjwa wa kusahau. Wazee wengi wenye kumbukumbu timamu hupungua mwendo wakipewa kazi mbili, na hata kijana hupungua ukimpa hesabu ngumu ya kutosha. Ila ni kweli kwamba miguu na kumbukumbu hushirikiana njia ndani ya ubongo, na mtu ambaye mwendo wake unaharibika upesi kila mwezi, huku anapotea katika mitaa anayoijua au anasahau chakula jikoni, apimwe kumbukumbu bila kungoja. Kutokana na maelezo ya Mwalimu, mama hujibu vizuri akisimama. Hilo lanipa matumaini.

Swali la bao ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu ndilo lililowasumbua watafiti. Kunoa akili ukiwa umeketi hukufanya mwepesi katika kile unachokinoa, lakini hakujathibitika kwamba peke yake huzuia kuanguka. Bao hukufunza kufikiri ukiwa barazani. Kinachohitajika ni kufikiri wakati miguu nayo inadai haki yake. Ukitaka bao likufae, kete ziwe upande mmoja wa chumba na ubao upande wa pili, na kila kete iende ikabebwe kwa miguu.

Naona niseme pia ni ushahidi gani ulio mzito na upi ulio mwepesi, ili Mwalimu asiahidiwe kisichokuwapo. Mzito kabisa ni wa mazoezi ya mwili yenyewe. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000 wanaoishi majumbani, na yakaona kwamba mazoezi hupunguza kiwango cha kuanguka kwa asilimia 23. Yale ya kusimama imara na ya kazi za kila siku, kama kuinuka kitini, yalipunguza kwa asilimia 24, na yaliyojumuisha aina kadhaa, hasa kusimama imara pamoja na kutia misuli nguvu, kwa asilimia 34. Kutembea tu, ambako ndiko tunakowashauri wazee kila siku, hakukuonyesha faida ya wazi katika jambo hili. Wengi hushangaa nikisema hivyo. Kutembea kuna faida nyingine nyingi, lakini mizani ya mwili haifunzwi kwa jambo ambalo halikuyumbishi hata kidogo.

Ushahidi wa kuchanganya fikira na miguu ni mdogo zaidi kwa wingi, ila una majaribio mawili ninayoyaamini. Mwaka 2011 mjini Geneva, watu 134 wenye umri wa zaidi ya miaka 65 walifunzwa mara moja kwa wiki kutembea na kugeuka kwa kufuata kinanda kilichokuwa kikibadilika mwendo, huku wakipewa kazi za mikono na za kusikiliza, na kwa miezi sita maanguko yao yakawa chini ya nusu ya yale ya wenzao waliokuwa wakingojea zamu. Nikiwaza jambo hilo hukumbuka goma letu, wazee wamejipanga na bakora, wanainama na kuinuka polepole kwa zumari, kila mmoja akimwangalia wa pembeni ili asipotee mstari. Hatukuliita tiba.

La pili ndilo la mashine aliyoisoma Mwalimu. Lilichapishwa mwaka 2016 katika The Lancet, likawa na watu 302 wa nchi tano, wenye miaka 60 mpaka 90, ambao kila mmoja alikuwa ameanguka angalau mara mbili katika miezi sita iliyotangulia. Wote walitembea juu ya mashine mara tatu kwa wiki kwa wiki sita. Kundi moja lilitembea tu, na jingine liliona katika skrini miguu yake ikipita penye vizuizi na njia za kuchagua. Waliotembea tu, wastani wa maanguko kwa miezi sita ulitoka 10.7 ukawa 8.3. Waliopewa vizuizi na maamuzi walitoka 11.9 wakawa 6.0. Kilicholeta tofauti si ule mkanda unaozunguka, kwa kuwa wote walikuwa nao. Ndiyo maana nasema ndoo mbili na mtu wa kukutajia paka zaweza kukufikisha karibu, ingawa sidai zitakufikisha palepale.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani hupendekeza mazoezi ya aina hii kwa wazee siku tatu au zaidi kwa wiki, na programu zilizozaa matunda makubwa zaidi zilikuwa za zaidi ya saa tatu kwa wiki. Msianzie hapo. Dakika kumi asubuhi na kumi alasiri zatosha mwanzoni. Na Mzee, kama magoti hayaumi, rudi kusujudu, mwanzoni ukiwa kando ya ukuta. Kushuka mpaka sakafuni na kuinuka mara kwa mara kwa siku ni jambo ambalo kwingine watu hulilipia wafundishwe.

Mzee wa Mkomani

Marahaba, mwanangu. Nitajaribu rakaa za sunna kwanza, maana hapo hapana wa kunitazama.

Mwalimu wa Langoni

Ahsanteni nyote. Zimepita wiki tano, nami nimeona si adabu kuuliza kisha kutoweka.

Tulimpeleka mama kupimwa. Mara ya kwanza tulirudishwa bila kupimwa presha ya kusimama, kwa maelezo kwamba ameshapimwa akiwa ameketi na ni nzuri. Nilikuwa nimeandika maneno ya Tabibu katika karatasi, na safari ya pili nikayasoma kama yalivyo mbele ya daktari mwingine, ambaye alicheka kidogo kisha akamlaza. Akiwa amelala ilikuwa 148 kwa 82. Dakika moja baada ya kusimama ikawa 121 kwa 74. Daktari akabadilisha saa za dawa moja na kuondoa nyingine, ambayo ilikuwa ya usingizi, ambayo sikujua kama anaitumia, na ambayo shangazi ndiye aliyekuwa akimpa kwa mapenzi. Tukafundishwa aketi ukingoni mwa kitanda kwa muda, acheze visigino, ndipo asimame. Chooni tumetia taa na mshikio wa bomba la chuma, kazi ya fundi wa siku moja.

Mazoezi twayafanya kiwandani, asubuhi kabla jua halijafika. Wiki mbili za kwanza ilikuwa miguu peke yake, na kisigino kwa vidole alikuwa akifika sekunde nne. Leo alifika tisa. Ndoo tumeanza wiki iliyopita. Hakutaka tatu tatu, kama marehemu nahodha wa Shela, Mungu amrehemu, kwa hiyo ninamwambia kwamba nataka kuandika majina ya samaki kwa ajili ya darasa langu, jambo ambalo si uongo mtupu kwa kuwa sasa nayaandika kweli. Mara ya kwanza alitaja watano akasimama. Jana, huku akizunguka ndoo ya pili, alitaja changu, tafi, chewa, kolekole, nguru, pono, na mimi kwa kujisahau nikasema pono ameshamtaja. Akageuka, bila kusimama, akaniambia hajamtaja, na tukabishana mzunguko mzima. Karatasi yangu ilionyesha kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Mke wangu na majirani tumekubaliana kwamba penye mtaro hapaulizwi mtu. Yule jirani wa barazani sasa hungoja mama afike mlangoni kwake, humpisha aketi, ndipo humwuliza. Amekuwa akiuliza mengi zaidi kuliko zamani, na safari ya dakika tano yachukua nusu saa.

Nina swali moja lililobaki kwa Tabibu. Kwenye mgeuko wa ndoo ya kushoto bado anayumba, ya kulia hayumbi. Je, nimzungushe upande wa kushoto zaidi, au niupumzishe kwanza?

Tabibu wa Viungo, Malindi

Mzungushe kushoto, lakini kimya. Mduara uwe mpana, kama hatua sita, kisha uupunguze kwa wiki. Samaki warudi upande huo atakapokuwa hayumbi tena. Na kabla ya hapo, mwangalie kiatu cha mguu wa kushoto kisigino kimelika upande gani, kisha uniandikie.